Moto mu Kuzine ya Yaya Adèle

Butembo, Vulamba. Jumapili, tarehe 7 mai 2000

Nimetoka ku kanisa na kichwa moto. Professeur Henri aliningojea inje, kofia mu mukono, kama mutu mwenye anakuya kuposa! Mama alifikiri ni vile — nilimuona, alinyoosha kikwembe chake mbio mbio. Hapana, Mama. Alikuya kuniambia kama ku Kisangani kuko fasi moja ya licence, ile miaka mbili ya kumaliza université. Phytopathologie. Magonjwa ya mimea. Walipomuuliza nani anaweza, aliwaza mimi. Mimi!

Tangu nimalize graduat, ile miaka tatu ya kwanza ya université, niko nafundisha biologie ku école ya kanisa. Kile nilisoma, nafundisha. Kile sikusoma, naambia batoto: tutaona wiki yenye kukuya. Nimechoka na hiyo wiki yenye kukuya.

Na mimi najua juu ya nini nataka. Papa alikuwa na shamba ya kahawa upande wa Beni. Kahawa ikaanza kukauka, upande moja wa muti kwanza, kisha wote. Unakata, ndani iko nyeusi. Aliita mutu wa dawa, aliita pasta, aliita agronome. Agronome akasema: ng'oa byote, choma. Papa aling'oa kila muti na mikono yake, akachoma, akaingia mu nyumba, akakaa ku kiti. Hakusimama tena vizuri mpaka tulimuzika. Nataka kujua ile kitu nyeusi ndani ya muti ni nini. Ni hiyo tu. Hapana titre, hapana kuitwa Madame la licenciée.

Mama, akitwanga sombe: kusoma tena? Unataka kuolewa na microscope?

Mwenye ataelewa ni mutu moja tu. Yaya Adèle, dada yangu mukubwa, ku Beni. Nitamuita ku fonie, ile radio ya kusemeshana na batu ya mbali.

Jumatano, tarehe 10 mai

Wee, fonie! Unakaa ku benchi kwa yule muchuuzi, unangoja zamu yako, na mambo yako yote inasikiwa na batu yenye banangoja yao. Leo nilijua nani bwana yake amekwama ku Bunia, nani mbuzi yake imeibiwa. Kisha mimi: "Kisangani, licence, à toi!" — à toi ni kumuachia mwenzako aseme. Batu bote bakageuka.

Sauti ya Yaya inatokaka mule kama mafuta yenye inakaanga. Alicheka. Asema: "Uende, Eliane! Mimi nazaa, wewe usome, Mama atakuwa na byote. À toi!" Mama alikuwa pembeni yangu. Alinuna mpaka nyumbani.

Yaya iko na mimba ya tatu. Anangoja kuzaa mu juillet. Asema ikiwa mwanamuke itaitwa Eliane, na ikiwa mwanaume vilevile! Wajinga wawili tunacheka mu radio, na mwenye fonie anatukatalia: mama, kuko batu benye kilio banangoja.

Jumatatu, tarehe 22 mai

Mimi mwenye sikukuwa na kitu, sasa niko na fasi mbili! Professeur Henri ameleta na ya Kampala.

Kisangani: français, na magonjwa ya mimea, kile natafuta. Lakini barabara ilishakufa zamani. Lazima ndege ya mizigo, nikae juu ya mifuko ya maharagi. Na mu muji muko majeshi mawili ya wageni, yenye banaangaliana vibaya.

Kampala: barabara ya Kasindi ku mupaka, amani, umeme. Lakini ni kiingereza. Na programme yenye iko na fasi ni ya udongo. Udongo! Na graduat yangu, kule banaihesabu nusu.

Sophie mwenye anafundisha physique, rafiki yangu, asema: chagua fasi yenye utarudia muzima. Mimi nasema: nachagua fasi yenye itanijibu. Asema kaburi haijibu mutu. Tulibishana mpaka chai ikapoa.

Nimechagua. Kisangani.

Jumatano, tarehe 7 juin

Kisangani inaungua.

Tangu juzi. Wale wawili wageni banapigana mule mu muji, bombe juu ya nyumba ya batu, na muji si wa mumoja wao. Radio inasema hospitali zimejaa. Yaya mukubwa wa Professeur Henri anakaa kule na bibi yake na batoto. Nilimukuta mu bureau, hafundishe, anageuza tu kifungo cha radio. Aliniambia nimusamehe kwa ile fasi ya licence. Eti nimusamehe! Batu banakufa, na yeye anawaza fasi yangu.

Na mimi nilipofika nyumbani nililia. Kwanza juu ya batu. Kisha, Mungu ananiona, juu ya licence. Haya yake ni yangu peke yangu.

Mama hakusema: nilikuambia. Alinipikia birayi na maharagi, akakaa karibu.

Jumapili, tarehe 18 juin

Basi Kampala. Basi udongo. Professeur Henri asema atabauliza tena kama banaweza kunigeuzia programme — kule pia kahawa inakauka, lazima kuko mutu anaiangalia. Ameandika. Tungoje.

Sophie ananifundisha kiingereza kisha masomo. Ulimi unakataa. Nasema, anacheka mpaka anashika tumbo. Nilimwambia: cheka tu, siku moja utanikuta professeur, utanisalimia na heshima. Asema: mpaka leo unaniambia "asubuhi njema" saa kumi ya mangaribi.

Ni mara ya kwanza nacheka tangu Kisangani.

Alhamisi, tarehe 13 juillet

Yaya Adèle amekufa.

Ni fonie. Mwenye fonie mwenyewe alikuya ku école kunitafuta, nikajua mbele hajafungua kinywa. Alianza kuzaa na mangaribi, damu haikusimama. Abdias bwana yake alimuweka mu gari ya jirani. Basoda, askari ya vita, balikuwa balifunga njia. Basema: asubuhi njo tutafungua. Balimungojesha pale ku barrière mpaka asubuhi! Mutoto pia. Alikuwa mwanamuke.

Siwezi.

Beni. Jumamosi, tarehe 15 juillet

Tumemuzika jana. Mama alitaka kuingia naye. Tulimushika, Abdias na mimi.

Nyumba imejaa batu. Kwaya ya kanisa yake inaimba mu kiwanja. Bénite, mutoto mukubwa wa Yaya, wa darasa la tatu, hakulia. Anatembeza benchi kwa bageni, anapokea kofia ya bazee. Kama mwenye nyumba. Précieux, mudogo, bado ananyonya kidole, anauliza Mama atatoka saa ngapi ku lopitalo.

Kuzine yake ya kupikia imefungwa. Kwetu ni vile: mwanamuke akikufa na kuacha batoto, moto yake inazimwa siku ile. Majirani njo banapika kwao na kuleta. Mafiga inabaki baridi mpaka familia ikae na kuona nani atawasha. Mwenye anawasha, batoto ni yake. Haiandikwe fasi. Pasta hatake kuisikia. Lakini pasta mwenyewe, nilimuona leo, alipita mbali na ule mulango.

Banawaza dada ya Abdias, mwenye iko Kanyabayonga. Lakini njia ya kule imekatwa, na hakuna mwenye ana habari yake. Mama yangu ni muzee, miguu yake inavimba. Mukaka Vagheni, shangazi ya Abdias, mwenye anaongoza kilio, naye ni muzee zaidi. Bananiangalia. Nasikia macho yao ku mugongo.

Jumatano, tarehe 19 juillet

Nimefanya nini! Nyamuhanga, Mungu wangu, nimefanya nini!

Niandike kama ilikuwa. Précieux alianza kuhara jana. Asubuhi hii macho yake ilikuwa imeingia ndani, ukivuta ngozi ya tumbo inabaki imesimama. Mimi nafundishaka hiyo! Maji ya kuchemshwa, sukari, chumvi. Nakimbia kwa jirani: mvua ilikuwa ilianguka usiku muzima, moto yao yote imelowa, bako na kuni ya maji, inatoka moshi tu. Kwa wa pili, hakuna mutu. Mutoto amelala ku bega yangu, hana nguvu hata ya kulia.

Kuzine ya Yaya ilikuwa kavu. Kuni yake iko pale, alizipanga yeye mwenyewe. Kibiriti ku kizingiti, fasi anawekaka. Nilijua desturi. Kila mutu anaijua. Lakini mikono haikungojea kichwa. Niliwasha. Nikaweka sufuria.

Maji haijachemka, nasikia vigelegele.

Mukaka Vagheni aliona moshi inatoka ku manyasi ya kuzine. Alipiga kigelegele kimoja, na bamama bote bakajibu — wale benye balikuwa banalia tangu siku sita! Bakaingia, bakanikumbatia, mumoja akanifunga kikwembe cha Yaya ku kiuno. Nasema: ni maji ya dawa, bamama, ni maji tu! Habakusikia. Ama balisikia. Mama yangu alikaa chini pale mu matope, analia, anasema aksanti Yesu, aksanti.

Abdias alisimama ku mulango wa nyumba. Aliangalia chini.

Précieux alikunywa. Anakunywa bado. Ataishi.

Jumamosi, tarehe 22 juillet

Familia imekaa, pande mbili. Nilisema byote: mutoto alikuwa anakufa, nilichemsha maji, sikuwasha kwa kuchukua nafasi ya Yaya. Nilisema na Kampala. Bazee balisikia muzuri, na heshima. Muzee moja wa kwao aliniuliza kama kule Kampala habana mutu mwingine wa kufundisha.

Kisha Mukaka Vagheni. Hakunikasirikia, heri angenikasirikia! Asema: moto iliwashwa, iliwashwa. Kama haukutaka, kuko dawa yake. Utamwanga maji wewe mwenyewe, mchana, mbele ya batu bote, mbele ya batoto. Njo itakuwa haukuwasha.

Kumwanga maji ku moto ya dada yangu, mbele ya batoto yake. Ile njo dawa.

Mumoja akanong'oneza na mambo ya ndoa, mimi na Abdias. Abdias akasimama: "Hapana! Eliane ni shemeji yangu." Akatoka inje.

Mama alibaki pembeni, anachambua maharagi.

Alhamisi, tarehe 27 juillet

Nimebaki hapa. Napika. Kila mutu anaona ni kitu ya kawaida. Majirani hawalete tena chakula, donc ni mimi napika — na kila sufuria naipika ni kama nasema ndiyo.

Napenda hii batoto. Niandike pia hiyo, nisikuwe mutu wa bongo na uongo hapa. Précieux analala na mukono mu shingo yangu, na naamka shingo inauma, na sitake kumuondosha. Bénite ananionyesha kila kitu: chumvi ya Mama inakaa hapa, Mama anakata lengalenga hivi. Nikiikata vingine, anangoja nigeuke, anaikata tena.

Anaamka mbele yangu. Namukuta ku mafiga, anafukua majivu, anapuliza makaa isizimike. Nilimuuliza juu ya nini anaamka mapema vile. Asema: ikizimika, utaenda.

Nani alimuambia? Hakuna mutu. Bote.

Jumanne, tarehe 1 août

Professeur Henri ku fonie, kutoka Butembo. Banangu! Bamekubali. Hapana udongo — magonjwa. Kuko muzee mumoja kule, kazi yake ni ile kahawa yenye inakauka, anatafuta mwanafunzi mwenye anajua shamba za Beni. Professeur alisema mara mbili, juu alifikiri sikusikia: "Kahawa, Eliane! Kahawa yako! À toi!" Nifike mbele ya katikati ya mwezi. Kisha ile, fasi inapewa mwingine.

Batu ya benchi balipiga makofi. Mama moja akanishika mukono: hongera, mwanangu. Hajue kitu.

Nilishika kifungo, nikasahau kukibonyeza. Professeur anaita: "Unanisikia? Eliane, unanisikia?" Nikasema nasikia. Nitajibu.

Ningekuwa na Yaya ningemuambia wa kwanza. Njia yote nilikuwa namuambia. Nalia mu barabara kama kichaa, musoda mumoja ananiuliza: mama, nani amekupiga?

Ijumaa, tarehe 4 août

Abdias alikuya ku kuzine, akakaa ku kizingiti. Amerudia kazi yake ya kununua utomvu wa papai mu mashamba, mikono yake imeungua nayo kama zamani. Asema: uzime. Mimi nitasimama pembeni yako siku ile, hakuna mutu atakutukana. Nikamuuliza, na batoto? Asema, nitatafuta njia. Nikamuuliza, njia gani, wewe uko mu mashamba toka asubuhi? Akaangalia mikono yake ile. Kisha, na sauti ndogo: Adèle aliniambia siku ya fonie ile. Alitembeza ile habari avenue nzima. Alikuwa anasema: mudogo wangu atakuwa docteur wa kahawa.

Tulilia sisi bote wawili, yeye ku kizingiti, mimi ku mafiga.

Niliuliza Mama mwishowe, uso kwa uso. Miguu yake ilikuwa mu maji ya moto. Aliwaza sana. Asema: mimi nikisema ubaki, nitakuwa nimekuuza. Nikisema uende, nitakuwa nimemutupa Adèle mara ya pili. Usiniulize, mwanangu. Unisamehe.

Mama yangu mwenye anajuaka jibu ya kila kitu!

Nimeomba. Nimefunga kula. Mungu naye asema kama Mama: usiniulize.

Jumapili, tarehe 6 août

Nimewaambia. Kesho nitazima, mbele camion, ile lori ya Kasindi, haijaondoka. Nilisema nikiwa nimesimama, haraka, kama mutu anameza kinini. Mukaka Vagheni akasema: muzuri, tutakuwa pale.

Bénite alisikia byote. Mangaribi aliniletea viatu vyangu, alikuwa amevisugua na jani la ndizi. Nilimuambia nitarudi kila likizo. Nilimuambia shangazi yake wa Kanyabayonga atafika, njia ikifunguka. Nilimuambia kusoma kwangu ni kwa ajili yao pia. Kila kitu nilisema ilikuwa kweli, na kila moja ilitoka kinywani kama bongo. Asema: ndiyo, mama mudogo.

Kisha akaniuliza kama Précieux akihara tena, ni chumvi ngapi.

Jumatatu, tarehe 7 août

Nimezima.

Balikaa bote mu kiwanja. Mukaka Vagheni aliomba kwa kinande, kidogo tu, kisha akanipatia maji mu ndoo. Abdias alisimama pembeni yangu kama alivyosema. Nilisema na sauti: sikatae batoto, nazima moto tu. Nikamwanga. Ilipiga kelele, moshi nyeupe ikajaa, majivu ikaruka mpaka ku uso wangu. Nilingoja matusi. Habakunitukana. Mama aliamka na miguu yake ile, akakuya, akanipangusa majivu na ncha ya kikwembe, polepole, kama vile nilikuwa mudogo. Ile njo iliniua.

Précieux alilia juu ya moshi. Bénite akamubeba.

Sasa niko mu chumba. Sanduku imetoka, Abdias ameibeba. Camion iko ku barabara, inapakia mifuko ya mwisho, Professeur amenitumia mutu wa kunipokea ku Kasindi. Naandika mpaka baniite. Nitakuwa muzuri. Nitafanya kazi. Nitajua ile kitu nyeusi ni nini na nitarudi na—

Nasikia harufu ya moshi.

Nimeangalia ku dirisha. Mulango wa kuzine uko wazi. Bénite amepiga magoti mbele ya mafiga, na Précieux ku mugongo, amemufunga na kikwembe. Aliondoa kuni yenye maji. Ameweka zenye kukauka, ndogo chini, kubwa juu. Inawaka.

Batu bote bako pale mu kiwanja, hakuna mwenye anasogea. Mukaka Vagheni alifungua kinywa kwa kigelegele, mazoea tu. Haikutoka. Amefunika uso na mikono.

Bénite ameniona ku dirisha. Asema, bila kusimama: "Uende, mama mudogo. Ni mimi niliwasha."

Camion inapiga klakson. Inapiga tena. Abdias amesimama katikati ya kiwanja na sanduku yangu ku kichwa, hajue aende nayo ku barabara ao airudishe mu nyumba. Ananiangalia.